Spika ya Upande wa Wanja

Waliokuwepo Jumamosi hiyo alasiri, katika chumba cha Amondi, ploti ya vyumba vya kupanga ya Kagiri, Kawangware 46: Okello, mwalimu wa kwaya na kiongozi wa besi, Tabby, kiongozi wa soprano, Shivachi, kiongozi wa teno na mtunzaji wa akaunti ya kwaya mtandaoni, Amondi, kiongozi wa alto, Kagiri, mlezi wa kwaya, na Wanja wa chumba cha pili, ambaye si mwanakwaya, aliyeleta chai. Hakuna aliyekosa.

Kikao kiliitwa kwa jambo moja. Kwaya hiyo hukutana katika ukumbi wa mabati huko Sarang'ombe, Kibera. Miaka miwili iliyopita ilirekodi nyimbo zake katika ukumbi huohuo, na tangu hapo nyimbo zilikuwa mtandaoni, ambako yeyote mwenye simu angeweza kuzisikiliza. Kagiri alitaka ziondolewe. Alikuwa tayari kuwapeleka wanakwaya studio, Riruta Satellite, warekodi upya wakiwa na vijana wengi zaidi na kinanda cha kisasa, lakini alikuwa na sharti: nyimbo za kwanza zifutwe kabla hawajaingia studio, kwa sababu hakupenda jina lake la ulezi likae juu ya kitu kibovu.

Kwaya nayo ilikuwa na desturi yake, ambayo Okello aliipokea kutoka kwa waliomtangulia. Wimbo hauingii katika kwaya, wala hautoki, mpaka viongozi wa sauti zote nne wakubali. Anayekataa hatakiwi kujieleza. Tabby alikuwa amekwisha kukubali kwa niaba ya soprano, Shivachi kwa niaba ya teno. Okello alikuwa akikuna kidevu, na kila aliyemfahamu alijua kwamba besi hukuna kidevu kabla ya kukubali. Iliyobaki ni alto.

Amondi alikuwa mshonaji wa mapazia. Mwaka uliotangulia alipasuliwa shingo ili kuondoa tezi lililovimba. Uvimbe uliondoka, na sauti ikaondoka pamoja nao. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono mkavu, ambao wateja wake walilazimika kuinama ili wausikie. Sauti yake ya zamani, ambayo wenzake walizoea kusimama juu yake kama watu wanavyosimama juu ya sakafu, ilibaki mahali pamoja tu: katika nyimbo hizo ambazo Kagiri alitaka zifutwe. Kila mtu chumbani alilijua hilo, na kila mtu alilizunguka.

"Mimi sipendi maneno mengi," alisema Kagiri, akaweka kikombe chini. "System ya Mama Oluoch si hii hapa? Tuusikilize wimbo wa tatu, ule mnaojivunia, halafu kila mtu aseme ukweli wake."

Wengi pale walimwita Amondi kwa jina la mwanawe wa kwanza. System yenyewe ilikuwa amplifaya nzito ya chuma, aliyoachiwa na kaka yake, pamoja na spika mbili za mbao. Moja ilikuwa kwenye kona, imebanwa kati ya ukuta na kabati. Ya pili ilikuwa kwa Wanja. Katika ploti ile vitu vilivuka kuta bila kuuliza: king'amuzi kimoja kililisha televisheni za vyumba vitatu, na pasi ya Shosho, yule bibi wa chumba cha mwisho, ilikuwa ya kila mtu. Amondi alipotoka hospitali, akalala bila kuongea wala kutaka kuongeleshwa, Wanja alitoboa ukuta kwa msumari mrefu, akapitisha waya na kuichukua spika moja, ili, kama alivyoeleza, wawe wanasikiliza kitu kimoja hata kama hawaongei. Toka siku hiyo hakuna aliyeuondoa waya ule. Spika mbili zilihesabiwa kuwa redio mbili, na kila nyumba ikawa na yake.

Wanja alitoka kwenda kuangalia sufuria yake ya githeri. Amondi aliuweka wimbo kwa simu, nao ukatoka kwenye kona.

Ulitoka umefunikwa. Soprano zilikuwa na ukungu, ngoma ilikuwa ikivuma kwenye kona kama jenereta ya jirani, na maneno yalifika yamelainika kingo kama sabuni iliyokwisha kutumika.

"Aki, Mama," alisema Tabby, akijaribu kuwa mpole, "inasound ka tuliimbia ndani ya mtungi."

"Mtungi?" Kagiri alicheka. "Hiyo ni tangi ya maji. Tena ya juu ya ghorofa."

Ubeti wa pili ulikaribia. Hapo ndipo sauti nyingine zote hunyamaza na alto huingia peke yake, chini kabisa, na Amondi mbele yao. Okello aliinua mkono, kwa mazoea, kuwaashiria waingie. Kilichosikika kilikuwa kama mtu anayeongea chini ya blanketi katika nyumba ya tatu.

"Sasa alto iko wapi?" aliuliza Kagiri. "Walienda msalani?"

Shivachi alicheka kabla hajajizuia, kisha akatazama viatu vyake. Amondi aliuzima wimbo. Kwa mwaka mzima alikuwa ameusikiliza wimbo ule katika kona ile, na kwa mwaka mzima alikuwa amejiambia kwamba labda ni masikio yake, kwamba mgonjwa husikia vibaya. Sasa wengine walikuwa wamesikia jambo lilelile.

"Wimbo si mbaya," alinong'ona. Waliinama wote. "Tunausikia vibaya."

"Mama, tofauti ni gani?" aliuliza Tabby.

"Nipeni mpaka Jumamosi ijayo, nitawaonyesha."

"Na ukishindwa?" Kagiri hakuwa na haraka tena. Alikuwa mtu aliyezoea kungoja wapangaji wafike wenyewe mahali alipowataka.

"Nikishindwa kuwafanya msikie alto, alto itakubali zifutwe. Nitalitamka mwenyewe, mbele yenu."

Okello aliushusha ule mkono uliokuwa bado umeinuka nusu. "Mama Oluoch, neno la sauti halirudishwi. Umelifikiria?"

"Mwalimu, nimekuwa kimya mwaka mzima. Nimefikiria kila kitu."

*

Amondi alianza na simu, kwa sababu ndiko wimbo ulikotokea. Jumapili baada ya ibada, nje ya ukumbi wa Sarang'ombe, alimpa Tabby simu hiyo. Tabby alifungua programu ya muziki, akashuka katika mipangilio yake, akapiga mluzi.

"Manze, Mama! Umeiweka kwa kuokoa data. Ubora wa sauti, chini. Hii ni kama kunywa chai ya majani yaliyochemshwa jana."

"Na juu yake kuna nini?"

"Kuna kawaida, kuna juu, kuna juu kabisa. Ya juu kabisa inakula bando vibaya, lakini si lazima uiskize ikiwa hewani. Iko na mahali pa kupakua. Pakua mara moja kwa Wi-Fi ya hapa, basi, imekaa kwa simu." Alibonyeza, akangoja, akarudisha simu. Kisha akasema bila kumtazama, "Unajua mimi nilikubali ile maneno ya studio, eeh? Sijawahi kuingia studio mimi. Si kwa ubaya."

"Najua, mwanangu. Endelea kunionyesha."

Tabby alimwonyesha pia kitufe cha kuongeza besi, kilichokuwa kimewashwa. Kumbe ndicho kilichoifanya ngoma ivume. Wakakizima.

Jumatatu Amondi aliugeukia waya. Tangu mwanzo simu yake ilizungumza na amplifaya kwa Bluetooth, kupitia kidude cha plastiki alichonunua barabarani, ambacho kilikoroma kidogo hata wimbo ulipokuwa haupigwi. Alikwenda kwa muuzaji wa vifaa vya umeme, akaomba waya wenye pini moja upande wa simu na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa amplifaya.

"Mama, siku hizi hakuna mtu anatumia waya," alisema muuzaji. "Waya ni mambo ya kitambo."

"Na mimi ni wa kitambo. Lete."

Aliuchomeka. Alipandisha sauti ya simu hadi karibu na mwisho, kisha akatumia kitufe cha amplifaya kuongeza na kupunguza, badala ya kufanya kinyume chake kama alivyozoea. Mkoromo ulikoma. Aliitoa spika kwenye kona, akaisogeza mbele ya kabati, akaipandisha juu ya stuli hadi ikalingana na masikio ya mtu aliyeketi. Ule mvumo uliokuwa ukizunguka kwenye kona ulitulia.

Jumanne alishughulikia chumba chenyewe. Kuta zilikuwa za saruji tupu, dari ilikuwa mabati, na kila neno lililotamkwa mle lilirudi mara mbili. Amondi alikuwa na mapazia mazito ya mteja aliyesafiri. Aliyatundika kwenye kamba ukutani, nyuma ya viti. Kisha aliketi, akaubonyeza wimbo wa tatu.

Alisikia soprano zikivuta pumzi kabla ya kuingia. Alisikia kayamba, ambayo hakujua kabisa kwamba imo, ikitembea kama mtu anayepepeta mchele. Alisikia, kabla ya noti ya kwanza, kiti kikiburuzwa sakafuni huko Sarang'ombe, na mtu akisema "shh." Ubeti wa pili ukafika, ngoma ikatulia, kila kitu kikanyamaza kwa usafi ambao hakuwahi kuusikia, na alto ikaingia.

Ilikuwa bado chini ya blanketi.

Aliurudia. Akaurudia tena. Kila kitu kilikuwa kimekaribia isipokuwa yeye. Hapo mwanzo angeweza kuulaumu ukungu. Sasa ukungu haukuwepo, na hakubaki na cha kulaumu.

Kivuli kilijaa mlangoni. Kagiri alikuwa akizunguka ploti yake kama alivyozunguka kila wiki, akigusa mabomba na kutazama taa.

"Mama Oluoch, umenifungulia duka la mapazia ndani ya nyumba?"

"Nasikiliza wimbo."

"Umepata alto?"

Amondi aliuzima. Kagiri aliingia hatua moja, akapunguza sauti, na kwa kweli alizungumza kwa wema. "Sikiza, mama. Mimi si adui. Mambo mengine yakiisha, yameisha. Ukikubali kwa heshima Jumamosi, tutaandika jina lako kwenye ile rekodi mpya. Mlezi wa alto. Ama mnasemaje nyinyi? Mama wa alto."

"Jina halina sauti, Mzee."

"Wewe ni mgumu kama kokoto."

"Ndiyo. Nenda ukaangalie bomba la choo, limeanza kuvuja tena."

*

Jumatano ilikuwa siku ya mazoezi. Amondi alitembea hadi Kibera, akafika Sarang'ombe mapema, kabla ukumbi haujajaa. Alimkuta Shivachi akipanga viti.

"Mlipotutegea maikrofoni," alimuuliza, "ziliwekwa wapi?"

Shivachi aliweka kiti chini. Kicheko cha Jumamosi kilikuwa bado kinamkera, na alijibu kwa kirefu kama mtu anayelipa kosa. "Zilikuwa mbili, dada. Moja tuliifunga kwenye ule mti wa paa, upande wa mlango. Nyingine huku, upande wa dirisha. Yule fundi wa kurekodi alisema anataka anayesikiliza ajione amesimama pale mbele, anapokaa mwalimu. Upande wa mlango ukawa wa kushoto, upande wa dirisha wa kulia."

"Na hazikuchanganywa?"

"Hapana. Kila moja ilibaki na upande wake. Ya kushoto ikienda spika ya kushoto, ya kulia spika ya kulia. Ndiyo maana ya spika mbili, au siyo?"

Amondi alikwenda mpaka dirishani. Sakafu ilikuwa na ufa uleule aliozoea kuweka kidole cha mguu juu yake ili mstari wa alto unyooke. Alisimama hapo. Mlango, na soprano zake, ulikuwa mbali upande wa pili wa ukumbi. Alinyoosha mkono, akagusa mti wa paa wa upande wa dirisha, mahali ilipokuwa imening'inia maikrofoni. Ilikuwa juu ya kichwa chake hasa.

"Shivachi," alinong'ona. "Mtu akiwa na spika moja tu, ya kushoto, atasikia nini?"

"Atasikia walio mlangoni. Hawa wa dirishani watamfikia kwa mbali tu, wakitokea ng'ambo." Kisha Shivachi akakumbuka chumba cha Amondi, kona, kabati, na waya ulioingia ukutani. "Dada. Ile nyingine iko wapi?"

Amondi hakungoja mazoezi.

Alipofika Kawangware jua lilikuwa bado juu. Wanja alikuwa amekaa kizingitini, akichagua maharagwe kwenye ungo.

"Wanja, usiondoke hapo," alisema Amondi, akapita, akaingia kwake, akaweka wimbo wa tatu, akaufikisha karibu na ubeti wa pili, kisha akatoka mbio na kuingia chumba cha jirani yake bila kubisha.

Spika ya Wanja ilikaa juu ya debe la mahindi, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Alikiondoa. Teno zilikuwa zikimaliza mstari wao. Halafu zikanyamaza, na kutoka kwenye mbao zile, karibu sana hata akarudi nyuma, ikaja sauti ya mwanamke. Ilikuwa nzito na haikutetereka. Ilishuka ngazi baada ya ngazi, na nyuma yake wanawake wengine wakishuka kwa kuifuata, wakiweka miguu pale ilipoweka. *Tulivuka bila daraja,* iliimba, *na maji yakatujua.* Amondi alisikia hata mate yakimezwa kabla ya neno la mwisho. Alishika shingo yake, pale penye kovu.

Wanja alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi.

"Ni nini? Imeharibika?"

"Huyu," alisema Amondi. "Huyu umekuwa ukimsikia?"

"Si ni wewe?" Wanja alishangaa. "Unaniimbia kila asubuhi nikiosha maharagwe. Wale wengine wako nyuma yako, lakini ni wewe. Nilimwambia hata dada yangu, huyu jirani yangu hawezi kuongea lakini anaimba ukutani."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, ee. Kwani kwako huimbi?"

Amondi aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha Wanja. Mwaka mzima alilala upande ule wa ukuta akidhani sauti yake haikushikwa na chombo chochote, na upande huu, umbali wa tofali moja, ilikuwa ikimwimbia mtu anayeosha maharagwe.

"Kwangu siimbi," alisema. "Nakuomba hiyo spika, Wanja. Mpaka Jumamosi."

"Chukua. Lakini ujue, nitalala na nani sasa? Na huu ukimya?" Wanja alikwisha kuweka ungo chini na kushika upande mmoja. "Inua basi. Ni nzito kama mume."

Walipoziweka spika mbili pamoja katika chumba cha Amondi, moja huku na moja kule, mambo yaliharibika upya. Muziki ulikuwa mpana, ndiyo, lakini haukuwa na tumbo. Ngoma ilikuwa imepotea, na sauti zilizopaswa kukutana katikati zilikwepana kama watu waliogombana. Wanja alisema heri ingebaki kwake. Amondi alikagua alichokifanya, hatua moja moja, kuanzia kwenye simu, akafuata waya mpaka nyuma ya spika ile iliyotoka ng'ambo. Pale mwenzake alipokuwa ameunga kwa msumari na nia njema, waya mwekundu ulikuwa umeingia tundu jeusi na mweusi tundu jekundu. Spika moja ilikuwa ikisukuma wakati nyingine ikivuta.

"Wanja, nani alikufundisha umeme?"

"Si iliimba?"

Alizibadilisha nyaya. Ngoma ikarudi katikati ya chumba, mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote ila mkeka.

*

Jumamosi walikuja walewale. Amondi alikuwa amepanga viti mbali na ukuta, mbele ya spika zote mbili, na mapazia nyuma yao. Kiti cha katikati alimpa Okello, kwa kuwa ndicho kilichokuwa mahali pa mwalimu. Wanja alikataa kwenda kuangalia sufuria.

"Leo githeri ijiangalie," alisema.

Amondi hakueleza chochote. Alibonyeza wimbo wa tatu. Kiti kikaburuzwa huko Sarang'ombe, na Tabby akageuka kutazama mlango, akidhani kuna mtu anaingia. Soprano zikaja kutoka kushoto, teno kutoka kulia, besi ikatanda chini ya miguu yao, na pale katikati, juu ya mkeka mtupu, ukumbi wote ukasimama. Ubeti wa pili ulipofika, Okello hakuinua mkono. Alikaa mikono ikiwa magotini, na sauti ya Amondi ikaingia kutoka upande wa dirisha, ikapita mbele ya kila mtu.

Wimbo ulikwisha. Tabby alikuwa ameshika mdomo.

"Mama," alisema. "Sikuwahi kujua nilikuwa naimba juu ya hiyo."

Kagiri hakuwa mtu mjinga, na hakujifanya hajasikia. "Ni mzuri," alisema. "Nakubali. Pongezi. Sasa tuongee kama watu wazima." Alitoa simu yake mfukoni, akautafuta wimbo uleule, akaiinua juu. Ulitoka kwenye kitundu cha chini ya simu, mwembamba, pande zote mbili zimesongwa pamoja, na alto ikazama kabla hata haijaanza. "Mnasikia? Hivi ndivyo Nairobi inavyosikiliza. Mtu yuko kazini, mtu yuko kwa barabara, simu iko kwa mfuko wa aproni. Nani ataleta waya? Nani atatundika mapazia? Mnataka kuhifadhi wimbo ambao unasikika katika nyumba moja peke yake, tena nyumba yangu?"

Alichosema kilikuwa kweli. Kagiri akanyoosha kidole ukutani. "Na hilo tundu. Nani alinitobolea ukuta?"

"Mimi," alisema Wanja. "Na ukitaka kuliziba, utuzibie pia lile la paa, limetangulia."

Shivachi alikohoa kuficha kicheko, na safari hii hakutazama viatu vyake.

Okello alisimama. Chumba kilikaa sawa, kwa sababu kila mmoja alijua maana ya mwalimu kusimama. "Tutauliza sauti upya," alisema, "kwa utaratibu. Je, nyimbo za kwanza zifutwe, kama mlezi anavyoomba? Soprano?"

Tabby alimgeukia Amondi. "Mimi bado nataka studio," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Siwezi kudanganya mbele yako, Mama. Soprano inakubali. Lakini nisamehe."

"Teno?"

"Teno ilikubali bila kusikia," alisema Shivachi. "Neno la sauti halirudishwi, mwalimu, ndivyo ulivyotufundisha. Siwezi kulirudisha. Lakini mtu mwingine akikataa, teno itafurahi."

"Besi inangoja," alisema Okello, akamgeukia Amondi. "Uliahidi kutufanya tusikie alto, na tumesikia. Ahadi yako imekwisha, huna deni. Fahamu tu kwamba ukikataa, studio haipo, na hawa vijana wataondoka hapa mikono mitupu. Alto?"

Amondi alinyoosha mkono, akaizima amplifaya. Mnong'ono wa umeme ndani yake ulikufa. Mtaani watu waliendelea na Jumamosi yao, lakini ndani ya mapazia palikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe hakuna aliyelazimika kuinama.

"Tabby, sikukasirikii. Studio utaingia, na mimi nitakushonea nguo ya kuingilia, lakini si kwa kufuta wengine. Mzee Kagiri, umesema kweli kuhusu simu. Simu ni ndogo. Sitaukata wimbo ili utoshe ndani ya simu yako. Kama ni chumba unakitaka, nipe notisi kwa maandishi kama kila mpangaji. Nitahama na spika zangu, na nitakapofika nitaziunga tena, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi." Alipumzika, akameza mate, kama alivyomeza kabla ya lile neno la mwisho la ubeti. "Siku za kazi, spika ya kulia itarudi kwa Wanja, kwa sababu yeye ndiye aliyenisikia. Kila Jumamosi alasiri zitakaa hapa zote mbili, mlango wazi, na yeyote kutoka Kibera au Kawangware anayetaka kuisikia kwaya nzima aje aketi kwenye kiti cha katikati. Mwalimu, andika. Alto inakataa. Nyimbo hazitoki."